Shukrani ya Kila Januari

Kila mwisho wa Januari, kabla hatujaruhusiwa kugusa chakula, Baba alisimama na kutusimulia hadithi ile ile. Alishika Biblia kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia aliuweka juu ya kichwa cha mdogo wetu wa kiume. Aliendelea kuuweka hapo hata mdogo wetu alipokua akamzidi urefu, ikabidi ainame kidogo.

"Siku nne," Baba alisema, "siku nne tulilala chini ya kitanda. Risasi zinapita juu ya bati. Siku ya tatu maji yakaisha. Mtoto huyu alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Nikapiga magoti, nikaomba. Na Mungu akatupatia maji."

Wageni waliitikia amina. Mimi niliuma meno. Nimeyauma kwa zaidi ya miaka ishirini, na sina hakika kama nimeacha.

Vita vilipoingia Kampala nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa chini ya kitanda hicho hicho. Niliyaona maji yale yakiingia. Yaliingia kwa mlango, ndani ya jerikeni la njano, mkononi mwa dada yangu.

Sisi asili yetu si Uganda. Baba alitoka Kenya, upande wa magharibi, akafuata kazi ya ufundi wa mashine katika kiwanda kimoja karibu na Bugolobi. Tulipanga Mengo, chumba kimoja katika safu ya vyumba vinne, vile ambavyo Kampala huviita mizigo. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kiganda. Sote tulimwita Jjajja, yaani nyanya, kama walivyomwita wajukuu wake. Baba na Mama hawakuwa wa kabila moja, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili. Katika mji ule Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Mtu mzima wa kiume aliyekizungumza, na asiyejua Kiganda cha kutosha, alikuwa na sababu ya kuogopa pande zote mbili za vita. Hilo nalielewa. Nimejitahidi sana kulielewa.

Mfereji wa uani ulikuwa umekauka kabla ya siku ya kwanza. Chemchemi ilikuwa bondeni, mteremko mrefu kutoka kwetu. Asubuhi ya siku ya tatu Mama alikuwa amempakata mtoto, anamwita jina lake, na mtoto hageuzi shingo. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alimtazama, akachukua jerikeni, akampa.

"Nenda wewe," alimwambia. "Mtoto hawatamgusa."

Aliondoka asubuhi. Alirudi jua likiwa limepita utosini. Jerikeni lilikuwa nusu, na mguuni alikuwa na ndara moja. Mama akamuuliza, "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Dada akamkabidhi jerikeni. Aliketi karibu na mlango akitazama mtoto akinyweshwa kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, mpaka mtoto akalia. Tulifurahi kusikia kilio kile. Jjajja naye alipitia mlango wa nyuma na birika lake, Mama akammiminia kidogo.

Mama ndiye aliyeweka nadhiri. Alisema tukitoka humu sote wazima, kila mwaka tutamshukuru Mungu siku hii. Tulitoka sote wazima, na mwaka uliofuata tukaanza.

Shukrani ya kwanza ilifanyika uani. Mama alisonga ugali, akachinja kuku wetu wa pekee, na Jjajja akaleta matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, bado yanatoa mvuke. Baba aliomba kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyenyamaza mwaka mzima. Ng'ambo ya ua madirisha yakaanza kufungwa.

"Mzee," Jjajja alimnong'oneza, "omba polepole. Watu watafikiri majeshi imerudi."

Baba alipunguza sauti, lakini hakufupisha. Kisha akaanzisha jambo ambalo lilikaa nasi miaka yote: kabla ya kula, kila mtu anywe funda moja la maji kutoka kikombe kimoja, ili tusisahau. Akamgeukia dada yangu.

"Binti yangu mkubwa, mimina."

Dada akamimina. Alizunguka na jagi, mtu kwa mtu, akainama mbele ya kila mmoja kama msichana aliyelelewa vizuri. Alipofika kwa Jjajja, yule mama mzee alimshika mkono.

"Mutoto huyu ndio alireta maji," Jjajja aliwaambia watu wote. "Hata mimi nilikunywa ile maji."

"Amina, Jjajja," Baba akasema haraka. "Mungu ni mwema." Akaanzisha wimbo.

Nilidhani hakusikia vizuri. Nilikuwa mtoto, na kwa mtoto mtu mzima asipojibu ni kwamba hakusikia. Lakini mwaka uliofuata Jjajja alirudia maneno yale yale, Baba akaanzisha wimbo ule ule. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Mwaka wa nne aliuanzisha wimbo kabla jagi halijamfikia Jjajja, na hapo nilijua kwamba anasikia.

Baadaye Baba alipandishwa cheo kiwandani, tukahamia Bugolobi, kwenye ghorofa. Tulikuwa orofa ya tatu. Januari ilipokaribia Mama aliuliza nani atakwenda kumchukua Jjajja Mengo.

"Zile ngazi atazipanda vipi?" Baba akasema. "Tutampelekea chakula chake."

Mwaka ule tulimpelekea. Mwaka uliofuata Mama alikifunga chakula vizuri, kikakaa mezani hadi jioni kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kwenda. Kabla ya Januari nyingine Jjajja alifariki. Tulikwenda kuzika, Baba akazungumza pale kwa niaba ya wapangaji wa zamani, akamsifu kwa matoke.

Bugolobi shukrani ilikua. Walikuja Wakenya wenzake Baba wa kiwandani, wakaja watu wa kanisa, kukawa na viti vya kukodi uwanjani chini ya ghorofa na hema la turubai. Hadithi nayo ilikua. Bomu ambalo lilianguka mbali sana sasa lilianguka jirani. Maombi ya Baba, ambayo mimi niliyasikia na yalikuwa mafupi, yakachukua saa nzima. Kitu kimoja tu hakikubadilika: Mungu akatupatia maji. Na kila mara Dada alikuwa hapo nyuma ya Baba, na jagi mkononi, akisubiri aambiwe amimine.

Wakati huo alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake Wandegeya, ana mume na watoto wawili. Hata hivyo alifika alfajiri kila mwaka kupika, akaondoka vyombo vikiwa vimeoshwa.

Mwaka mmoja alikuja mama mmoja Mkongomani, mkimbizi aliyekuwa ameanza kusali kanisani kwetu. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kwao, yeye na watoto, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku amefumba macho. Baba alipomaliza hadithi, na watu walipokwisha kusema amina, alifumbua macho akauliza, bila ubaya wowote:

"Baba, lakini ile maji ni nani aliileta?"

"Ni Mungu, mama," Baba akasema.

"Ndiyo, Mungu. Ni Mungu tu. Lakini kwetu mutu akienda kutafuta maji mu vita, jina yake tunalijua."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima, wakidhani amekosea lugha. Baba akasema, "Tumimine maji, chakula kisipoe." Dada akazunguka. Nilimtazama usoni nikitafuta chochote, hasira, machozi, hata kope kucheza. Sikuona kitu. Mimi ndiye niliyekirudisha kikombe bila kunywa.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria.

"Kwa nini husemi?" nilimuuliza.

"Niseme nini?"

"Kwamba ni wewe."

"Wanaojua wanajua."

"Nani? Jjajja amekufa. Mtoto alikuwa mchanga. Sisi tunaojua hatusemi. Siku ile ulikuwa wapi muda wote ule?"

Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka yote ya utoto na sikuwahi. Aliendelea kukwangua, kisha akasema bila kuinua macho:

"Nilichota mara tano. Nne zilikuwa zao."

Alinieleza kwa maneno machache. Karibu na chemchemi palikuwa na nyumba iliyokimbiwa na wenyewe, na askari walikuwa wamekaa humo. Hakujua ni wa upande gani, na hata leo hajui. Mmoja alimsalimu kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili kizuri cha nyumbani, yule askari akafurahi. Walikuwa na kiu, na hawakutaka kuonekana bondeni. Wakamtuma. Alipandisha jerikeni mara nne hadi kwenye nyumba ile, limejaa. Mara ya tano wakamwambia hili ni lako, nenda. Hakuwa na nguvu ya kulijaza.

"Hawakunigusa," Dada alisema. "Baba alisema kweli. Hawakunigusa. Ila kila nikipanda nilikuwa najiambia, sasa ameshakufa. Nikishuka, nikipanda, sasa ameshakufa. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshamlilia nikamaliza."

Halafu akaniambia nimletee sufuria nyingine.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa sababu Wandegeya, jirani na chuo, kumejaa maduka ya kuchapisha, kazi ya kuandaa programu ya shukrani ilikuwa yangu. Karatasi moja iliyokunjwa katikati: wimbo wa kufungua, sala, ushuhuda wa Baba, maji, chakula, wimbo wa kufunga. Januari iliyofuata niliongeza mstari mmoja baada ya ushuhuda wa Baba. Niliandika: Neno la dada, aliyekwenda kuchota maji. Nilichapisha nakala sitini, nikazipeleka Bugolobi siku moja kabla, mapema mchana, nikaziweka mezani haraka, kama mwizi.

Baba alisoma kwa miwani yake, polepole, kidole kikishuka kwenye karatasi. Kidole kikasimama.

"Hii imeandikwa na nani?"

"Mimi, Baba."

"Nani amekuambia uiandike?"

"Si kweli? Hakwenda?"

Alimwita mdogo wetu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akampa rula na kalamu ya wino mweusi. Wakaketi pamoja mezani, baba na mwana, wakaufuta ule mstari kwenye nakala zote sitini. Rula, mstari, nakala nyingine. Mimi nilisimama pale nikitazama. Jambo linaloniudhi mpaka leo ni kwamba ulifutwa kwa unadhifu mkubwa. Baba alikuwa fundi, na hakuvumilia mstari uliopinda.

Nilimwambia Dada kibandani kwake, nikitegemea atanitetea. Alinigeukia na mkasi mkononi.

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka usikike."

"Uliniuliza kama nataka kusikika? Ungenisimamisha mbele ya watu sitini nianze kuwaeleza habari za askari? Mume wangu angekuwa pale. Unajua watu wakisikia msichana na askari wanafikiria nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilirudi chumbani kwangu nimemkasirikia kila mtu, na zaidi nafsi yangu.

Nilibakiwa na Mama. Jioni ile nilimkuta peke yake Bugolobi anaanua nguo, nikamuuliza yeye anaonaje, yeye aliyeweka nadhiri.

"Baba yako alifungua mlango mara mbili siku ile," Mama alisema. "Baada ya dada yako kuchelewa. Mara ya kwanza alirudi hapo hapo. Mara ya pili alifika chooni, kule mwisho wa ua, akarudi anatetemeka mwili mzima. Alilala kifudifudi mpaka dada yako aliporudi. Sasa unataka asimame aseme hivyo mbele ya watu wa kiwandani?"

"Sitaki aseme hivyo. Nataka aseme dada ndiye aliyeleta maji."

"Ni kitu kimoja hicho, binti yangu."

Alisema kweli, na ukweli wake haukunisaidia. Nilimhurumia Baba usiku ule mzima. Kisha ikafika siku ya shukrani, akaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wetu, akasema Mungu akatupatia maji, na huruma yote ikanitoka. Mtu anaweza kuona haya mwaka mmoja, mitano hata. Lakini kila mwaka kumpa jagi!

Miaka ikapita hivyo. Niliolewa, nikakosa shukrani mbili kwa kusingizia kazi, nikajikuta siku hizo zote mbili natazama saa na kujua wamefika wapi. Baba alistaafu, akaanza kuugua. Katika shukrani yake ya mwisho ulimi ulikuwa mzito, aliruka sehemu nyingi za hadithi, bomu halikuwepo, siku nne zikawa mbili. Nilisogea mbele na kiti changu. Nilifikiri labda sasa, akiwa amesahau namna ya kuisimulia, itamtoka ilivyokuwa. Alifika kwenye maji. Akasita. Akamtazama Dada kwa muda mrefu, mdomo wazi, na mimi nikashika ukingo wa kiti.

"Mungu," Baba akasema, "akatupatia maji."

Alizikwa kabla ya Januari nyingine.

Mdogo wetu akairithi shukrani. Alikuwa na biashara ya simu iliyokwenda vizuri, na nyumba yenye uwanja, akaalika watu wengi zaidi ya Baba. Alisimama mahali ambapo Baba angesimama, akaisimulia hadithi neno kwa neno, hata kile kituo cha Baba kabla ya mwisho alikiweka. Yeye ndiye mtoto aliyekuwa anaharisha. Hakumbuki chochote, na bado alisimulia kama aliyekuwa macho.

"Nikaomba," alisema, kisha akajisahihisha, "Baba akaomba. Na Mungu..."

"Keti kidogo," Dada akasema.

Hakupaza sauti. Aliweka jagi mezani, akafuta mikono kwa leso yake. Mdogo wetu akaketi, nadhani kwa mshangao.

"Maji niliyaleta mimi," Dada akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alinituma. Nilichelewa kwa sababu askari walinichotesha maji yao kwanza, mara nne. Hawakunifanya kitu kingine. Nilileta nusu jerikeni. Basi. Karibuni chakula."

Nilikuwa nimeisubiri dakika ile tangu utotoni. Nilisimama, mikono imeinuka, sijui hata nilitaka kufanya nini, kupiga makofi au kumkumbatia. Kabla sijafanya lolote mchungaji alikuwa amesimama.

"Bwana asifiwe!" akasema. "Ndugu, mmesikia? Mungu alimtumia mtoto mdogo! Mungu alimtuma malaika wake!"

Amina zikalipuka, wimbo ukaanza, wamama wakapiga vigelegele. Dada alichukua jagi lake akaanza kumimina. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia mchungaji kwamba hakukuwa na malaika, kulikuwa na msichana wa darasa la sita mwenye ndara moja. Niliketi, nikanywa funda langu.

Baadaye mdogo wetu alimfuata kwenye sinki. "Dada, ungeniambia mapema ningekupangia nafasi kwenye programu."

"Nafasi hiyo ilikuwepo," nikamwambia mimi. "Wewe ndiye uliyeifuta."

Alinitazama kama anatafuta kitu mbali sana, akakipata, uso ukambadilika.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema. "Baba alinipa rula."

Dada alituambia wote wawili tumpishe, anafanya kazi.

Januari iliyofuata alitangaza kwamba hapiki. Hakutoa sababu. Mama, ambaye sasa hatoki sana kitandani, alisisitiza nadhiri ni nadhiri, kwa hiyo tukapika sisi wawili, mimi na mdogo wangu, bila wageni. Ugali ulikuwa na madonge. Kuku alikuwa mgumu, na tulisahau chumvi. Dada alifika saa saba mchana, amevaa vizuri, kama mgeni. Kabla hata hatujakaa sawasawa alijipakulia, akala, akasema kuku anataka chumvi, akanawa mikono, akachukua mkoba.

"Anakwenda wapi?" Mama aliuliza kutoka chumbani. "Hatujashukuru bado."

Nilimkimbilia getini. "Kaa basi. Sisi tu leo. Useme chochote unachotaka, au usiseme."

"Nimeshiba," Dada akasema, akanipigapiga begani, akashuka barabara kwa miguu.

Nilimkasirikia kwa kutuacha. Nilijua sina haki, na nikamkasirikia hivyo hivyo. Niliporudi ndani mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya meza, ananisubiri nimwambie nani aanze kusema, na nini. Mama alituita tena kutoka chumbani, akauliza kwa nini pamekuwa kimya.

Nilimwambia tunakuja.